Mnyama Hujulikana kwa Ujenzi wa Mwili Wake

Somo la mwezi kwa wakulima wa skimu za makazi



Tuseme unao kondoo wachache na ng'ombe wawili wa maziwa katika shamba lako. Mvua imekwisha, nyasi ni nzuri, lakini kondoo mmoja amekonda. Ukimfunua jicho, ngozi ya ndani ya ukope ni nyeupe kama karatasi. Chini ya taya pana uvimbe laini, kama mfuko wenye maji. Wasema, "Huyu ana minyoo." Waenda dukani, wanunua chupa ya dawa ya minyoo, wamnywesha. Wiki mbili zapita. Uvimbe bado upo, na kondoo azidi kudhoofika, mpaka siku moja asubuhi wamkuta amekufa.

Hapo mtu hulaumu dawa, au humlaumu mwenye duka. Pengine ana haki. Lakini yawezekana pia dawa ilikuwa nzima na mwenye duka mwaminifu, na kosa likawa katika neno moja tu, nalo ni "minyoo". Neno hilo limebeba wanyama wa namna tatu ambao miili yao haikujengwa sawa hata kidogo. Dawa imwuayo mmoja yaweza kumpita mwingine kama maji juu ya jani la nduma.

Ndiyo sababu somo la mwezi huu lahusu jambo ambalo huenda ukadhani ni la wanafunzi wa chuo tu, yaani jinsi wataalamu wanavyowapanga wanyama kwa kutazama ujenzi wa miili yao. Tutaanzia mjini Nairobi, penye Makumbusho ya Taifa, kisha tutafuata barabara ya kwenda magharibi mpaka Kabete na Dagoretti. Mwisho tutarudi kwa yule kondoo.

RAMANI YA NYUMBA

Mtu akitaka kujenga nyumba huanza na ramani. Nyumba ya mawe na bati, na nyumba ya udongo na nyasi, zaweza kuwa na ramani moja: mlango mbele, sebule katikati, vyumba viwili kila upande. Tena nyumba mbili zilizopakwa rangi moja zaweza kuwa na ramani mbali mbali kabisa. Ukitaka kujua ramani, usitazame rangi. Ingia ndani uone kuta zimepangwaje.

Mtaalamu wa wanyama hufanya vivyo hivyo. Haulizi kwanza kama mnyama ni mkubwa au mdogo, anaishi majini au nchi kavu, anauma au hadhuru mtu. Huuliza maswali kama haya:

Je, mwili una upande wa kulia na wa kushoto uliolingana, kama wako na wa ng'ombe? Au umejengwa kwa duara kuzunguka katikati, kama yavuyavu wa baharini?

Je, ndani mna uti wa mgongo?

Kama hakuna mifupa ndani, je, kuna ganda gumu nje, na miguu yenye viungo vinavyokunjika?

Je, mwili umegawanyika katika pingili zinazofuatana, au ni kitu kimoja?

Je, chakula huingia mdomoni na kutokea nyuma, au kuna tundu moja tu, au hakuna tumbo kabisa?

Wanyama wenye majibu yaliyo sawa huwekwa katika kundi kuu moja. Leo wataalamu wanahesabu makundi makuu zaidi ya 30. Mkulima hana haja ya kuyajua yote. Sita tu yatamtosha kwa kazi nyingi za shamba, nayo tutayataja moja moja.

HATA WATAALAMU WALIKOSEA

Usione haya kwamba umewaita wote "wadudu" au "minyoo". Mwaka 1758 Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, alitoa chapa ya 10 ya kitabu chake cha kuwapanga wanyama, na majina ya kitaalamu ya wanyama yanahesabiwa tangu kitabu hicho. Aliwagawa wanyama wote katika mafungu sita: wanyonyeshao, ndege, wale wa jamaa ya vyura na nyoka, samaki, wadudu, na minyoo. Katika fungu la wadudu alitia pia buibui, kupe na kaa. Katika fungu la minyoo alitia tegu, konokono na hata pweza. Kwa kweli fungu hilo la mwisho lilikuwa kama pipa la jikoni ambamo hutupwa kila kisichojulikana pa kuwekwa.

Waliolipanga upya pipa hilo walikuwa wataalamu wa makumbusho ya Paris, Ufaransa. Mwaka 1801 Jean-Baptiste Lamarck aliwatenga buibui na jamaa zake na wadudu. Mwenzake Georges Cuvier alipasua wanyama wengi akatazama mishipa, mioyo na matumbo yao. Mwaka 1817 alitoa kitabu kilichowagawa wanyama katika ramani nne za mwili: wenye uti wa mgongo, wenye mwili laini kama konokono, wenye mwili wa pingili, na wenye mwili wa duara.

Cuvier hakueleza kwa nini wanyama wengi wawe na ramani moja. Maelezo yaliyokubaliwa na wataalamu yalitolewa na Charles Darwin wa Uingereza mwaka 1859. Wanyama wenye ramani moja ni jamaa, wametoka kwa mzazi mmoja wa zamani sana, na kila ukoo ukabadilika polepole kwa kufuata maisha yake. Wewe mfugaji hutashangaa, maana wajua ndama hurithi mwili wa wazazi wake.

MAKUMBUSHO YA NAIROBI

Sasa tuingie mjini. Makumbusho ya Taifa yapo juu ya kilima, kaskazini ya katikati ya mji, karibu na mwanzo wa barabara iendayo Westlands. Yalifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Makumbusho ya Coryndon, yakapewa jina la taifa baada ya Uhuru. Ukija Nairobi kwa shughuli za ushirika au za hati ya shamba, tenga saa mbili uwapeleke watoto.

Uani utaona sanamu kubwa ya Ahmed, tembo wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970, akafa mwaka 1974. Ndani wamo wanyama wengi waliokaushwa na mifupa yao. Mtazame twiga, kisha jishike shingo. Shingo ya twiga ina mifupa saba. Yako ina saba. Ya ng'ombe ni saba, na ya panya ni saba. Twiga hakuongezewa mifupa shingoni. Mifupa ile ile saba ilirefuka.

Tazama pia mkono. Wako una mfupa mmoja juu ya kiwiko, miwili chini yake, kisha mifupa midogo ya kifundo, kiganja, na vidole vitano. Popo anayo mifupa hiyo hiyo, ila vidole vyake vimerefuka kama mbavu za mwavuli na ngozi ikatandwa juu yake. Kwa hiyo popo si ndege, ingawa anaruka. Na ng'ombe wako? Yule hutembea juu ya kucha za vidole viwili, cha kati na kile cha pete. Kwato mbili ndizo kucha hizo. Mfupa mrefu chini ya goti la mbele ni mifupa miwili ya kiganja iliyoungana. Vile vijikwato viwili vidogo vya nyuma visivyogusa ardhi ni mabaki ya vidole vingine viwili.

Katika uwanja huo huo kuna mahali pa kuwatazama nyoka. Watu husema nyoka ni kama mnyoo mkubwa. Sivyo. Nyoka ana fuvu, mbavu, na uti wa mgongo wenye mifupa mingi sana. Chatu hata leo ana vijikucha viwili karibu na mkia, mabaki ya miguu ya nyuma. Kwa ujenzi wa mwili nyoka yu karibu zaidi na ng'ombe kuliko na mnyoo.

Basi kundi letu la kwanza ni hilo: wenye uti wa mgongo. Humo wamo samaki, vyura, nyoka, kuku, ng'ombe na binadamu.

"INZI WA NAIROBI" SI INZI

Mji wa Nairobi umepewa heshima ya mdudu mmoja mbaya. Ni mwembamba, mrefu kiasi cha upana wa kidole, mwenye rangi ya chungwa na nyeusi zikipishana. Wazungu walimwita inzi wa Nairobi, na jina likashika. Huzidi wakati wa mvua nyingi. Baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 hadi 1998 alisumbua watu wengi mjini na mashambani.

Inzi wa kweli ana mabawa mawili tu, na nyuma ya mabawa ana vijiti viwili vidogo vya kumsawazisha anaporuka. Huyu ana mabawa manne. Mawili ya mbele yamekuwa vifuniko vigumu vifupi, na ya nyuma yamekunjwa chini yake. Huo ndio ujenzi wa jamaa ya mbawakawa, jamaa ya fukusi wa mahindi na dumuzi. Kwa hiyo yeye ni mbawakawa, wala si inzi.

Je, kujua hivyo kwafaa nini? Inzi wauao huwa wanachoma au kufyonza kwa mdomo. Huyu hachomi wala haumi. Sumu imo katika damu yake, na humwagika pale tu umpondapo juu ya ngozi, kisha ngozi hubabuka kama iliyochomwa moto. Basi akitua juu ya shingo yako, usimpige. Mpulize, au mwache apande juu ya karatasi umtupe nje. Ukiwa umekwisha kumponda, osha mahali hapo kwa maji na sabuni upesi, wala usifikiche macho. Tena usiwe na hasira naye sana shambani, maana yeye hula wadudu wadogo na mayai yao juu ya mimea yako.

Kundi la pili, basi, ni wanyama wenye ganda nje na miguu ya viungo. Hili ni kubwa kuliko yote duniani, maana zaidi ya aina milioni moja zimekwisha kupewa majina. Ndani yake mna koo kadhaa. Wadudu wa kweli wana mwili wa sehemu tatu, yaani kichwa, kifua na tumbo, pamoja na miguu sita na vipapasio viwili kichwani. Buibui, nge na kupe wana miguu minane na hawana vipapasio. Jongoo na tandu wana miguu mingi. Kaa na kamba wa baharini wamo pia.

Viwavijeshi nao wamo humu, ingawa kiwavi hufanana na mnyoo. Mtazame karibu. Nyuma ya kichwa ana miguu sita midogo yenye viungo, na ile minono ya nyuma ni ya kushikia tu. Yeye ni mtoto wa nondo. Viwavijeshi vamizi, walioingia Kenya mwaka 2017, huchunguzwa kwa mitego yenye harufu kama ya nondo jike, nayo huwavuta madume. Asiyejua kwamba kiwavi ni mtoto wa nondo hataelewa kwa nini mtego unawekwa kwa ajili ya mdudu arukaye, hali anayekula mahindi anatambaa.

KABETE: KUPE NA MIGUU YAKE

Tukitoka kilimani pa Makumbusho tukafuata barabara ya Waiyaki, tutapita Westlands na Kangemi, tufike Kabete. Huko ndiko kwenye maabara ya serikali ya mifugo, mafunzo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ya madaktari wa mifugo, na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ambayo mwanzo wake ni mwaka 1973. Mbele kidogo, nje ya mji, ni Muguga. Hakuna mahali katika nchi hii ambapo kupe ametazamwa kwa makini kuliko upande huu wa magharibi ya Nairobi.

Adui mkubwa ni kupe wa masikio mwenye rangi ya hudhurungi. Ndiye aletaye ndigana kali, ugonjwa uliomaliza ng'ombe wengi wa gredi katika mashamba ambayo hayakuwa na josho.

Kupe si mdudu wa kweli, ni ndugu wa buibui. Mwili wake ni mfuko mmoja, haukugawanyika sehemu tatu, na hana mabawa katika umri wowote. Lakini jihadhari na hesabu ya miguu. Kupe mchanga aliyetoka katika yai ana miguu sita tu. Hupata minane baada ya kushiba mara ya kwanza na kujivua ngozi. Mkulima akimwona yule mdogo mwenye miguu sita, hudhani ni kitu kingine, akamwacha.

Kupe wa masikio hushiba mara tatu maishani, na kila mara hudondoka chini, hujivua au hutaga, kisha hutafuta mnyama mwingine. Akinyonya damu ya ng'ombe mgonjwa akiwa mtoto, ataupeleka ugonjwa kwa ng'ombe mwingine katika umri wake unaofuata. Baada ya kujishikiza huhitaji siku kadhaa kabla ya kutoa ugonjwa, na hiyo ndiyo nafasi yako. Ukimwogesha ng'ombe kwa siku zilizopangwa, kama afisa wa mifugo alivyoagiza, utamwua kupe kabla hajafanya kazi yake. Ukiruka wiki moja kwa sababu ya sherehe au mvua, umemfungulia mlango.

Kile kiletacho ndigana kali, kinachokaa ndani ya kupe, ni chembe moja tu ya uhai. Hakina kichwa, tumbo wala miguu, na wataalamu wa leo hawakihesabu kuwa mnyama kabisa. Jina lake, Theileria, limetokana na jina la Arnold Theiler, daktari wa mifugo wa Afrika Kusini. Chanjo yake ilitokana na kazi iliyofanywa Muguga miaka ya 1970. Lakini fahamu kwamba chanjo hiyo humkinga ng'ombe na chembe hiyo tu. Haimwui kupe, wala haizuii magonjwa mengine aletayo kupe. Hao ni maadui wawili, na kila mmoja ana silaha yake.

Kwa wafugaji wa nyuki kuna mfano mzuri wa tofauti ya miili. Kijikupe kiitwacho Varroa hujishika juu ya mwili wa nyuki na kumdhoofisha. Katika nchi mbalimbali wafugaji hutundika ndani ya mzinga vipande vyenye dawa ya amitrazi. Kijikupe hufa, na nyuki aliyembeba hubaki mzima. Wawili hao wamegusana mwili kwa mwili, na kwa kipimo hicho dawa moja yawatofautisha. Lakini usifanye hivyo kwa dawa ya josho uliyo nayo nyumbani. Vipande vya mzinga vimepimwa kwa kazi hiyo.

DAGORETTI: NDANI YA INI

Kutoka Kabete tushuke kusini tufike Dagoretti, penye machinjio yanayolisha nyama sehemu kubwa ya mji. Mkaguzi wa nyama ana kisu na muhuri. Akifika kwenye ini hulitazama, hulibonyeza, kisha hulikata kuvuka mirija ya nyongo. Mara nyingine mirija imekuwa minene na migumu, na humo hutoka kitu bapa kama jani dogo la kahawia. Huyo ni mnyoo wa ini. Ini hilo halitapigwa muhuri. Mwenye ng'ombe hupata hasara ya ini, lakini hasara kubwa zaidi ilikwisha kupita kimya: maziwa yaliyopungua na nyama isiyojengeka kwa miezi mingi.

Sasa tuitazame minyoo. Chukua mitatu uiweke mbele yako kwa fikira.

Wa kwanza ni mnyoo bapa, kundi letu la tatu. Mnyoo wa ini ana mdomo na tumbo lenye matawi, lakini hana tundu la nyuma. Kiingiapo chakula ndipo hutoka taka. Ndugu yake ni tegu, ambaye hana mdomo wala tumbo. Yeye hulala katika chakula cha utumbo wa mnyama akakinyonya kwa ngozi yake.

Wa pili ni mnyoo wa duara, kundi la nne. Mwili wake ni kama uzi, umechongoka ncha mbili, hauna pingili. Ana mdomo mbele na tundu nyuma, bomba ndani ya bomba. Ngozi yake ni ngumu, naye hujivua mara nne kabla ya kuwa mzima. Mmoja wa kundi hili hukaa katika tumbo la nne la kondoo akinyonya damu. Ukimwona ana mistari myekundu na myeupe iliyosokotana kama kamba.

Wa tatu ni nyungunyungu wa udongo, kundi la tano. Mwili wake wote ni pingili, pete baada ya pete, na ana mishipa ya damu. Yeye ni rafiki. Hupasua udongo, huingiza hewa na maji, na kinyesi chake ni mbolea. Usimchanganye na hao wengine kwa sababu ya jina.

Kundi la sita ni wenye mwili laini, yaani konokono, koa, chaza na pweza. Hao wanahusika katika habari ya ini kuliko udhanivyo. Yai la mnyoo wa ini hutoka na mavi ya ng'ombe. Likianguka majini, kitoto huanguliwa na kumwingia konokono mdogo wa mabwawa. Ndani yake huzaana. Kisha watoto wengi hutoka, hupanda juu ya majani ya kando ya maji, hujifungia ganda, na kungoja. Ng'ombe au kondoo ajaye kula nyasi za bondeni huwameza. Bila konokono, mnyoo wa ini hawezi kumaliza safari yake.

KONDOO WETU ALIKUFA KWA NINI?

Uvimbe chini ya taya hutokea mnyama apungukiwapo na damu na nguvu ya damu. Yule mnyoo wa duara anyonyaye damu tumboni huleta uvimbe huo. Mnyoo bapa wa ini naye huuleta vile vile. Kwa nje dalili ni moja, kwa ndani maadui ni wawili wasiofanana ramani.

Dawa ya levamizoli hulemaza misuli ya minyoo ya duara nayo ikatoka. Mnyoo wa ini haumdhuru. Dawa ya ivermektini, iliyoanza kuuzwa kwa mifugo mwaka 1981, ni kali juu ya minyoo ya duara, lakini haiui mnyoo wa ini wala tegu. Kwa mnyoo wa ini yafaa dawa nyingine, kama triklabendazoli, ambayo huua wakubwa na wachanga. Albendazoli kwa kipimo kikubwa huua wale wakubwa tu, na haifai kupewa mnyama mwenye mimba changa. Chupa nyingine huwa na dawa mbili zilizochanganywa ili kushika makundi yote mawili. Ndiyo maana twasema: soma karatasi ya chupa, usisome neno "minyoo" peke yake.

Kondoo wetu, basi, huenda alikuwa na mnyoo bapa, akanyweshwa dawa ya mnyoo wa duara.

USHAHIDI MPYA

Zamani wataalamu walipima kwa macho na kisu. Siku hizi husoma pia maandishi ya urithi yaliyo katika kila chembe ya mwili, yaitwayo DNA. Mwaka 1997 kundi la wataalamu lilitangaza jambo lililoshangaza wengi: mnyoo wa duara si jamaa wa karibu wa nyungunyungu. Yu karibu zaidi na wadudu na kupe, kwa kuwa wote hao ni wanyama wajivuao ngozi ili wakue. Na nyungunyungu yu karibu zaidi na konokono.

Mfugaji makini hatashangaa sana. Ivermektini ile ile iuayo minyoo ya duara huua pia chawa wafyonzao damu na vijidudu vya upele, walio ndugu wa kupe, huku ikimwacha mnyoo wa ini. Waliogundua dawa hiyo, Satoshi Ōmura wa Japani na William Campbell, aliyezaliwa Ireland, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hata hivyo mpaka wa dawa si ukuta wa mawe, maana amitrazi niliyoitaja huua chawa pia, ingawa chawa ni wadudu. Ramani ya mwili hukuonyesha pa kuanzia. Karatasi ya dawa na daktari wa mifugo hukamilisha.

FANYA HIVI

1. Mnyama akikonda na kuvimba taya, chukua mavi mabichi kidogo katika chombo safi, umpelekee afisa wa mifugo yapimwe. Mayai ya mnyoo bapa na ya mnyoo wa duara hutofautishwa kwa darubini.

2. Kabla ya kulipa, muulize mwenye duka: "Dawa hii ni ya minyoo ya duara, ya tegu, au ya ini?" Asipojua, someni pamoja.

3. Piga ua kuzunguka bwawa na bonde la maji. Tekea mifugo maji katika hori. Usiwalishe nyasi mbichi zilizokatwa kando ya maji.

4. Pima kwa uzito wa mnyama, usikisie. Kipimo kidogo huwafundisha minyoo kuizoea dawa.

5. Dawa nyingine, kama ivermektini, hazipewi ng'ombe anayekamuliwa. Uliza siku za kungoja kabla ya kuuza maziwa au nyama.

6. Mnyama akichinjwa nyumbani mbele ya mkaguzi, mwombe akuonyeshe ini. Somo la jani lile la kahawia halisahauliki.

MASWALI YA KUJIPIMA

Wasomee watoto maswali haya jioni. Majibu yamo katika somo.

1. Kwa nini popo si ndege na nyoka si mnyoo?
2. Kupe mwenye miguu sita ni wa umri gani?
3. Konokono anahusikaje na ini la ng'ombe?
4. Jirani amempa kondoo levamizoli, na uvimbe wa taya haukuondoka. Utamshauri nini?

Mtoto akijibu swali la nne sawasawa, mpe kazi ya kusoma karatasi za dawa nyumbani kwako. Atakuokolea kondoo.